Kichwa Kilichozama Ndani ya Ganda: Uchambuzi wa Kisa cha Kuhama Kutoka Baruti Nyeusi Katika .44-40

Kisa hiki kilitokea Marekani, kwenye klabu ya watu wanaoshindana kwa silaha za enzi za kauboi. Jina la mhusika, jimbo, klabu, na waliotengeneza bunduki, kalibu na maganda yake nimeyaondoa. Hakuna aliyejeruhiwa. Nimeona kinafaa kusimuliwa kirefu kwa sababu hitilafu ilibisha hodi mara kadhaa ikiwa usumbufu tu kabla ya kuwa hatari, na kila mara tiba ilipelekwa kwenye kiungo kisichoumwa.

Vipimo vya baruti sikuviweka, na hilo ni kwa makusudi. Vinatafutwa kwenye kitabu cha mwenye baruti yake, si kwenye masimulizi. Na ili tusichanganyane: humu risasi ni kile kitu kizima kinachoingia kwenye chemba (chumba cha nyuma ya mtutu), kichwa ni kipande cha madini kinachotoka mtutuni, ganda ni ile shaba, na fataki ni kidude cha kitakoni kinachowasha baruti.

## Usuli

Mhusika ni mzee mstaafu mwenye mikono mizuri, anayejijazia risasi mwenyewe kwa miaka mingi. Bunduki yake ni nakala ya Winchester ya 1873, ya kuvuta wenzo, iliyotengenezwa Italia, kaliba .44-40. Kaliba hiyo ilizaliwa siku moja na bunduki yenyewe: kichwa cha greni 200 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) juu ya greni 40 za baruti nyeusi. Ndiyo maana ya ile namba 40; ile .44 ni kipenyo cha kukadiria kwa inchi. Colt nao waliiingiza kwenye bastola yao mwaka 1878, mtu akawa anatembea na bunduki na bastola zinazokula risasi moja. Huo ndio utamu wake, na ndio unaoifanya ipendwe mpaka leo na watu wanaoweza kabisa kununua kitu cha kisasa zaidi.

Ndani ya bunduki hii mambo mawili ni ya kuyajua kabla ya kuendelea.

La kwanza ni namna inavyofungwa. Nyuma ya boliti, kile chuma kinachoziba nyuma ya chemba, kuna viungo viwili vilivyounganishwa, vikinyooka vinakaza kama goti la mtu aliyesimama wima. Wenzo ukivutwa, goti linakunjika na boliti inarudi nyuma. Ni mtambo laini ajabu, unavutika kwa vidole viwili. Lakini haukubuniwa kwa shinikizo kubwa. SAAMI, jumuiya ya watengenezaji silaha na risasi wa Marekani inayopanga viwango, imeiwekea .44-40 ukomo wa pauni 11,000 kwa inchi ya mraba. .44 Magnum, ambayo kwa macho ungeidhania ndugu yake wa tumbo moja, inaruhusiwa 36,000.

La pili ni kibebeo. Risasi hukaa foleni ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, zikisukumwa na springi kuelekea nyuma. Ya kwanza kwenye foleni huingia ndani ya kipande cha shaba, kisha wenzo ukivutwa kipande hicho hupanda wima na kuifikisha usawa wa chemba. Kibebeo kina nafasi ya risasi moja tu. Hakina mlango wa kuizuia inayofuata. Kinachoizuia ni urefu wa risasi iliyotangulia. Ikiwa fupi kuliko inavyotakiwa, inayofuata inachungulia kwa kitako, nusu iko kwenye bomba na nusu kwenye kibebeo, na hapo kibebeo hakipandi tena. Ukomo wa urefu wa .44-40 ni inchi 1.592, na watu wa 1873 huwa wanakaa karibu sana na namba hiyo.

Kwa muda mrefu mzee alitumia baruti nyeusi. Alikuwa na kalibu ya kumiminia vichwa vya muundo wa zamani, vya kipenyo cha inchi 0.427, pua bapa. Pua bapa ni lazima kwenye bomba, maana pua ya kila risasi inagusa fataki ya iliyo mbele yake kwenye bomba. Kichwa hicho kina mifuo ya kukaa grisi, ila hakina mfuo wa kubania mdomo wa ganda. Ubavu wake ni laini pale mdomo unapoishia. Kwa baruti nyeusi hilo halikumsumbua hata siku moja.

Kilichomsumbua ni usafi. Anayetumia baruti nyeusi anajua: jioni ya mashindano ni maji ya moto, vitambaa, mafuta, na maganda kwenye ndoo ya sabuni kabla hayajabadilika rangi. Masizi yake yananyonya unyevu na chuma kinaota kutu upesi. Mzee alichoka, akaamua kuhamia baruti ya kisasa, isiyo na moshi.

## Mambo yalivyofuatana

Alianza vizuri. Alifungua kitabu cha kujazia risasi na kukuta jedwali la .44-40 limegawanywa: upande mmoja bunduki za viungo vya goti kama 1873, upande mwingine bunduki zenye kufuli imara kama Winchester ya 1892. Alichagua upande wa kwanza, tena akaanza na kipimo cha chini. Baruti aliyoichagua ilikuwa ya kuungua haraka, ya aina inayotumiwa na wengi kwenye bastola. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, hakifikii hata robo ya uzito wa ile nyeusi, na ndani ya ganda refu kilionekana kama vumbi lililosahauliwa chini.

Kichwa akabaki na kilekile. Kalibu za kujazia, vile vifaa vya presi vinavyorudisha ganda kwenye vipimo vyake, kupanua mdomo wake na kukaza kichwa, akabaki nazo zilezile.

Siku ya kwanza uwanjani bunduki ilipiga kwa ulaini na bila moshi, mzee akafurahi. Kisha, katikati ya mzunguko, wenzo ukagoma. Kibebeo kilikuwa kimepanda kidogo tu kikakwama. Akakiminya kwa kidole kikaachia, akaendelea. Katika mashindano haya bunduki hujazwa risasi 10, na kukwama kulikuwa kunakuja risasi kadhaa zikishapigwa. Risasi ya kwanza haikukwama kamwe.

Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kuipeleka kwa fundi bunduki. Sababu aliyoitoa ni ya mtu mwenye akili: kilichokwama ni kibebeo, basi tatizo liko kwenye kibebeo. Fundi akasafisha masizi ya zamani, akalainisha kingo, akabadilisha springi za pembeni kwa nyepesi. Kazi nzuri, na bunduki ilirudi ikivutika kwa ulaini zaidi. Kukwama hakukuisha.

Wakati huo mwenzake mmoja klabuni alimwambia risasi zake "zinafupika." Hakueleza zaidi ya hapo. Mzee akapima chache zilizobaki kwenye boksi, akazikuta sawa kabisa, akalipuuza. Alipima zilizokuwa hazijaingia kwenye bomba.

Baadaye aliona mwenyewe moja iliyotolewa kwenye bomba bila kupigwa, kichwa kimeingia ndani. Uamuzi wa pili: abane mdomo wa ganda kwa nguvu zaidi. Hapa ganda la .44-40 lilimwonyesha tabia yake. Mdomo wake ni mwembamba sana, karibu inchi 0.007, na ukiuminya dhidi ya kichwa kisicho na mfuo hauna pa kuingia. Unachimba kidogo ubavuni mwa kichwa, na ukiendelea kusukuma, shaba inatafuta pengine pa kwenda: inavimba chini ya kichwa. Baadhi ya risasi zikakataa kuingia kwenye chemba. Zilizoingia zilikuwa bado zinazama, safari hii kwa kasoro isiyoonekana, kwa sababu mdomo uliobanwa kupita kiasi ulikuwa umekisukuma kichwa kuwa chembamba, na shaba, ambayo hurudi kidogo ukiiachia, ikabaki imelegea.

Uamuzi wa tatu: abadilishe kichwa. Alipata vya inchi 0.430, vilivyokusudiwa .44 Special na .44 Magnum, vyenye mfuo mzuri wa kubania. Hoja yake: mtutu wa nakala yake una mifuo ya inchi 0.429, si 0.427 kama wa zamani, kwa hiyo kichwa kinene kitakaa vizuri zaidi huko na kwenye ganda. Nusu ya hoja ni sahihi. Vichwa vilishika barabara. Lakini baadhi ya risasi hizo mpya zilikuwa zinakataa kumalizikia chembani, na mzee akazoea kusukuma wenzo kwa kiganja mpaka ufunge.

Siku ya tukio alikuja na mchanganyiko. Risasi mpya hazikutosha mashindano yote, akajazia na zile za zamani zilizobanwa kwa nguvu. Kwenye mzunguko wa tatu, katikati ya bomba, mlio mmoja ukatoka tofauti na mingine. Waliokuwa karibu walisema ulikuwa mkali na mfupi. Bunduki ilirusha bega lake, na alipovuta wenzo haukuja. Alipoanza kuuvuta kwa mikono miwili, msimamizi wa uwanja alimshika bega: "Mzee, acha hapo hapo. Mtutu uelekee mbele, usivute tena."

Wenzo uliachia baadaye, mtutu ukiwa umeelekezwa penye usalama na watu wamerudi nyuma. Ganda lilitoka zima, halikupasuka, lakini fataki yake ilikuwa imelala bapa kabisa, kingo zake zimejaa mpaka kwenye shaba inayoizunguka. Maganda yaliyopigwa kabla yake yalikuwa na fataki za mviringo kama kawaida. Risasi zilizobaki ndani ya bomba zilitolewa moja moja na kupangwa mezani kwa utaratibu zilivyotoka. Mbili kati yake, za mchanganyiko wa zamani, vichwa vilikuwa vimezama. Moja ilipimwa hapo hapo kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu, ikakutwa imepungua zaidi ya sehemu ya kumi ya inchi.

## Maamuzi baada ya mlio

Msimamizi alitaka kwanza kujua kama ni dozi mbili, yaani baruti iliyomwagwa mara mbili kwenye ganda moja. Ni hofu ya haki. Ganda lililotengenezwa libebe greni 40 za baruti nyeusi, ukilitilia greni chache za baruti ya haraka, dozi mbili zinakaa ndani, na tatu zinakaa, na kichwa kinafunga juu yake bila kulalamika. Boksi zote zilizobaki zikasimamishwa. Mzee alizifungua zote, akapima baruti ya kila moja kwa mizani, akaandika. Hakuna iliyopita kipimo.

Hilo peke yake halitoshi kuiondolea shaka ile iliyokwishapigwa, maana iliyopigwa haipimiki. Kilichosaidia ni alama ya kitakoni. Risasi za zamani zilikuwa kwenye maganda ya mtengenezaji mmoja, mpya kwenye ya mwingine. Ganda la mlio mkali lilikuwa la kundi la zamani, kundi lile lile lenye vichwa vilivyozama mezani. Haikuwa mpango wa mzee kuyatenganisha, yalitokea tu. Lakini bila bahati hiyo tungebaki tunabishana mpaka leo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuipeleka bunduki kwa fundi kwa jambo tofauti na lile la mwanzo: apime nafasi kati ya boliti na kitako cha ganda kwa geji, na aangalie pini na viungo vya goti kama vimechoka au kutanuka. Bunduki haikuguswa mpaka jibu lirudi.

Uamuzi wa tatu ndio ulioleta jibu, na ulifanyika kwenye meza ya mzee, si uwanjani. Alichukua ganda lililokwisha kurudishwa vipimo na kupanuliwa mdomo, tayari kupokea kichwa, akaingiza kichwa cha 0.427 kwa vidole. Kikaingia chote, chini kabisa, bila presi. Akakigeuza, kikadondoka. Kipanuzi cha kalibu zake kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya vichwa vya 0.429. Kalibu za .44-40 zinauzwa kwa vipenyo tofauti, kwa kuwa mitutu yenyewe inatofautiana kati ya bunduki za kale na nakala, na boksi halikuandikwa chochote kuhusu hilo. Kwa miaka yote ile, shaba ya mzee haikuwa imekishika kichwa hata kidogo. Kilikuwa kimeshikwa tu na ule ubano wa mdomoni.

Akafanya na kipimo kingine, cha bure kabisa, ambacho kingemwokolea mengi. Alichukua ganda lililopigwa kwenye bunduki yake mwenyewe, halijapitishwa kwenye kalibu, akajaribu kudondosha vichwa vya vipenyo mbalimbali kwenye mdomo wake. Ganda lililopigwa limechukua umbo la chemba. Kichwa kisichopita hapo kwa uhuru, risasi yake haina pa kupanukia ikiwa ndani, na mdomo usipopata pa kupanukia hauachii kichwa inavyopaswa. Cha 0.428 kilipita. Cha 0.430 kilipita kwa shida kwenye maganda membamba, na kwenye yale ya mtengenezaji wa pili, mazito kidogo, hakikupita kabisa. Basi zile risasi "nzuri" alizokuwa anazisukumia wenzo kwa kiganja zilikuwa zinaelekea kwenye shinikizo kwa njia yake nyingine.

## Matokeo

Fundi alirudisha jibu kwamba bunduki iko ndani ya vipimo, pini hazijainama, viungo havijatanuka. Mzee alipewa ruhusa ya kuirudisha uwanjani.

Mpango mpya ulikuwa hivi. Vichwa vya 0.428, vya madini laini, vyenye mfuo wa kubania. Mashindano yenyewe chini ya SASS, chama kinachosimamia mashindano haya ya kikauboi, yanadai vichwa vya ledi bila gamba la shaba, na mwendo wa bunduki usiozidi futi 1,400 kwa sekunde, kwa hiyo ugumu mkubwa hauna kazi. Kipanuzi kilichongwa na fundi mashine mpaka inchi 0.425, ili shaba ikibane kichwa yenyewe kabla mdomo haujabanwa. Kukaza kichwa na kubana mdomo vikatenganishwa kuwa hatua mbili, kila moja na mzunguko wake kwenye presi. Kabla hapo alikuwa anavifanya pamoja, na mdomo unaobanwa huku kichwa bado kinashuka ndio unaokunja shaba hii nyembamba. Baruti ikabadilishwa kuwa ya ujazo mkubwa, inayojaza zaidi ya nusu ya ganda, hata ukimwaga mara mbili inafurika mbele ya macho.

Kabla ya kuziamini, alizitesa. Kila fungu jipya, chache huchaguliwa, zinapimwa kwa kalipa, kisha pua inawekwa kwenye ukingo wa meza na kusukumwa kwa gumba na uzito wa bega, halafu zinapimwa tena. Uwanjani, risasi moja iliyotiwa alama ya kalamu inaingizwa kwenye bomba, nyingine zinapigwa, ile ya alama inatolewa bila kupigwa na kupimwa. Namba haikusogea. Kibebeo hakikukwama tena, na zile springi nyepesi zimebaki kuwa anasa nzuri ya kuvutia wenzo.

## Uchambuzi

Chanzo chenyewe ni kifupi kukitaja, lakini kinahitaji kutafakariwa. Baruti nyeusi kwenye ganda la .44-40 haikuwa na kazi moja. Ilikuwa inasukuma kichwa, ndiyo, lakini kabla ya hapo ilikuwa inakibeba. Ganda lilijazwa mpaka kitako cha kichwa kikalalia juu ya baruti na kuikandamiza kidogo. Maganda ya leo ni mazito kitakoni kuliko ya zamani, kwa hiyo hata zile greni 40 hazitoshei vizuri, na mkandamizo ndio kawaida. Tena ni sharti lake: baruti nyeusi haitakiwi kuachiwa uwazi ndani ya ganda. Kichwa kilichosimama juu ya nguzo hiyo hakina pa kuzama, hata springi isukume vipi, hata mtikiso wa kila mlio uipige foleni nyuma na mbele. Waliobuni kile kichwa kisicho na mfuo wa kubania hawakukosea. Mfuo hawakuuhitaji.

Mzee alipobadilisha baruti alibadilisha nguvu kwa nguvu, na kitabu kilimpa hesabu sahihi ya hilo. Nguzo hakuna aliyeibadilisha. Jedwali la kitabu linaandika uzito wa baruti, aina ya kichwa, urefu wa risasi, halina safu ya "kitu gani kinazuia kichwa kisiingie ndani." Msomaji anatakiwa kulijua. Na kwa kuwa kalibu zake zilikuwa zinapanua mdomo kupita kiasi tangu zamani, kasoro ile ilikuwepo miaka yote, imefunikwa na baruti yenyewe.

Kichwa kikizama, ujazo ulio nyuma yake unapungua. Baruti isiyo na moshi huungua kwa kasi zaidi kadiri shinikizo linavyopanda, na shinikizo hupanda zaidi kadiri inavyoungua. Ndiyo tofauti yake kubwa na nyeusi, ambayo kasi yake ya kuungua haibadiliki sana kwa shinikizo. Kwa kaliba yenye ukomo wa 11,000, hakuna akiba kubwa ya kula.

Alilofanya vizuri mzee lipewe haki yake. Kuchagua upande wa 1873 kwenye jedwali huenda ndiko kulikoiokoa bunduki. Wapo wanaosoma ".44-40" na kuchukua kipimo cha juu kabisa ukurasani. Mgawanyo ule si urembo wa wachapishaji. Bunduki ya 1892, kazi ya John Browning, hufunga kwa vipande viwili vya chuma vinavyopanda wima kwenye ubavu wa boliti, na mwanzoni mwa karne ya 20 Winchester wenyewe waliuza .44-40 za mwendo mkubwa zilizokusudiwa bunduki hiyo, si 1873. Kaliba moja, ganda moja, chemba moja, na risasi ya mmoja si ya mwingine. Mtu aliyeanzia kipimo cha juu cha upande ule, kisha kichwa kikazama, kisa chake kingeandikwa na mtu mwingine kwa sauti nyingine.

Hapa kuna hoja niliyoisikia mara nyingi, na mzee naye alikuwa nayo: nakala ni ya chuma cha leo, imejaribiwa na serikali ya Italia kabla ya kutoka, kwa hiyo inastahimili. Chuma ni cha leo kweli. Goti ni lile la 1873. Ubora wa chuma unaahirisha siku ya kuchoka, lakini haubadilishi namna mzigo unavyopita kwenye pini mbili nyembamba.

Kosa lililoniudhi zaidi, nikisema kweli, si lile la baruti. Ni kipimo cha risasi za kwenye boksi. Mwenzake alimpa jibu lote kwa neno moja, akaenda kulithibitisha kwa risasi ambazo hazijapitia kile kinachozifupisha. Dalili ilikuwa inazungumza waziwazi: ya kwanza haikwami, kukwama kunakuja nyingine zikishapigwa. Kitu kinachoharibika kwa mpangilio huo ni kitu kinachoharibikia ndani ya bomba. Kibebeo kichafu hakihesabu.

Kuchanganya makundi mawili kwenye bomba moja lilikuwa jambo la ubahili wa kawaida, maana nani anapenda kutupa risasi alizozijaza mwenyewe. Ila zile za zamani alikwishazijua kuwa zinakwama. Kasoro aliyokuwa anaijua ilikuwa ni ya kukwama, ya kuchelewesha saa ya mashindano, ndiyo maana alizivumilia. Hakuunganisha ufupi na shinikizo. Wengi hatuunganishi mpaka fataki ilale bapa.

Na kusukuma wenzo kwa kiganja. Kwenye 1873 wenzo unaokataa kumalizikia una maana moja kati ya mbili: goti halijanyooka, au kuna kitu chembani kisichostahili kuwemo. Mtambo huu una kizuizi kinachotakiwa kuzuia kifyatuo mpaka wenzo ufunge kabisa, na mtu anayeusukuma kwa nguvu anakuwa anashindana na kizuizi hicho kwa mkono wake mwenyewe. Risasi ambazo hazikuingia kwa vidole viwili zilipaswa kutolewa na kurudi mezani. Siku hizi mzee huzidondosha zote kwenye geji yenye umbo la chemba, nyumbani, kabla ya kuzitia boksi. Isiyozama yenyewe kwa uzito wake haiendi uwanjani.

Kuhusu msimamizi sina la kuongeza ila kwamba alizipanga risasi mezani kwa utaratibu zilivyotoka. Angezimwaga kwenye ndoo ya takataka kama wanavyofanya wengi, kisa kingeishia kwenye dhana ya dozi mbili, mzee angenunua mizani mpya, na vichwa vingeendelea kuzama.

Kimebaki kitu kimoja ambacho mpango mpya haukukitibu chote. Hata baruti ya ujazo mkubwa haijazi ganda hili mpaka juu, na wazalishaji wake wanakataza kuikandamiza, kwa hiyo uwazi mdogo unabaki palepale ambapo zamani palikuwa na nguzo. Baruti ikilala mbele ama nyuma ndani ya ganda, mwendo wa kichwa unatofautiana kidogo kwenye kifaa cha kupimia. Mzee ameamua kuishi na tofauti hiyo, na kwa sahani za chuma zilizo umbali wa kurusha jiwe haina madhara. Wanaopenda kuijaza nafasi hiyo kwa pamba au sufi wamejaribu kumshawishi. Amekataa, kwa kuwa kitu kinachoongezwa juu ya baruti kinabadilisha shinikizo na jedwali lake halikupimwa nacho.